Mwanafunzi wa Kwanza ni Mama

Katika shule ya muziki ya Matsumoto, mji wa milimani katikati ya Japani, mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa kujifunza fidla hakupewa fidla. Alipewa mahali pa kukaa. Aliyepewa fidla ni mama yake, tena si fidla ya mtu mzima bali ile ndogo ya kitoto, ambayo kwenye bega la mama inaonekana kama mchezo. Mama anafundishwa kuishika, kushika upinde, kupiga wimbo mmoja wa mwanzo mpaka unyooke. Mtoto anatazama. Nyumbani santuri ya wimbo uleule inawekwa kila siku. Wiki zinapita. Watoto wengine wanapiga, mama anapiga, yeye tu mikono mitupu. Mwisho anachoka kungoja, anamwendea mama na kumnyang'anya: na mimi nataka. Siku hiyo ndipo masomo yake yanapoanza.

Huu ni mtego, na ni mtego mzuri. Aliyeutega, Shinichi Suzuki, ameueleza waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1966, ambacho mkewe Waltraud alikitafsiri kwa Kiingereza kikatoka mwaka 1969. Nimeanza na mama kwa sababu ndiye anayesahauliwa. Siku hizi ukitaja Suzuki mbele ya mtu anayejua muziki kidogo (si yule wa pikipiki), atakutajia umri, miaka mitatu, minne, na picha ya watoto wamejipanga mistari kwa mistari wakipiga wimbo mmoja kwa mwendo mmoja. Umri na picha vimesafiri dunia nzima. Mama, kwa kiasi kikubwa, alibaki Matsumoto.

Kumwanzishia mtoto mdogo muziki si jambo jipya. Lakini zamani aliyeanza akiwa na miaka minne kwa kawaida alikuwa mtoto wa wanamuziki. Ilikuwa kazi ya ukoo, kama uhunzi au kuunda majahazi: mtoto anakulia kwenye vumbi la kazi yenyewe. Leopold Mozart wa Salzburg alipata mambo mawili mwaka 1756: kitabu chake cha kufundishia fidla na mtoto wa kiume, Wolfgang. Mwaka 1759 akamwanzishia binti yake mkubwa, Nannerl, daftari la vipande vya kinanda. Daftari lilikuwa la dada; mdogo wake alikuwa tu chumbani humo. Na ndani ya daftari hilohilo baba akaandika pembeni ya kipande kimoja kwamba Wolfgang kakijifunza kwa nusu saa, usiku, siku moja kabla ya kutimiza miaka mitano.

Watu husoma habari hiyo wakaona muujiza. Mimi naona nyumba. Baba mwalimu, dada anafanya mazoezi kila siku, kinanda hakifungwi. Nannerl mwenyewe, aliyezungushwa Ulaya na kushangiliwa pamoja na mdogo wake, aliachwa nyumbani na safari za baba tangu mwaka 1769, alipokuwa msichana wa kuolewa. Daftari limebaki na jina lake, sifa zikaenda kwingine.

Suzuki naye alizaliwa nyumba ya fidla, ila mambo yake yalikwenda kinyume. Baba yake, Masakichi, alikuwa fundi wa shamisen, ala ya Kijapani yenye nyuzi tatu, huko Nagoya. Miaka ya 1880 akaiona fidla ya Kizungu, akaiiga, akafungua kiwanda, na kufikia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kiwanda hicho kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,000. Shinichi, aliyezaliwa mwaka 1898, alikua fidla zimemzunguka kama mbao, na anakumbuka kwamba yeye na ndugu zake walizitumia kupigania. Hakuna aliyemfundisha kuipiga. Alikuwa kijana wa miaka kama 17 ilipoletwa gramafoni nyumbani, akasikia santuri ya Mischa Elman akipiga Ave Maria ya Schubert. Alipigwa na butwaa kwamba kile kisanduku cha kiwandani kinaweza kutoa sauti ile. Akachukua fidla moja, akaweka santuri nyingine, akaanza kuigiza kwa sikio.

Basi mtu aliyekuja kuwa mtume wa kuanza mapema alianza akiwa amechelewa, na alianza kwa kusikiliza santuri. Mambo hayo mawili yanaeleza karibu kila kitu alichofanya baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alikwenda Berlin, akafundishwa na Karl Klingler, akakaa huko miaka karibu minane, akamwoa Waltraud mwaka 1928, wakarudi Japani.

Mwaka 1931 au karibu na hapo, baba mmoja alimletea mtoto wa miaka minne, Toshiya Eto, akamwomba amfundishe. Suzuki hakujua aanzie wapi. Vitabu vyote alivyosomea yeye vilikuwa vya watu wanaojua kusoma. Ni katika kuhangaika huko ndipo lilipomjia wazo ambalo ukilisikia leo unaliona la kawaida mno: watoto wote wa Kijapani wanasema Kijapani. Tena mtoto wa Osaka anasema lahaja ya Osaka, lahaja ambayo mgeni mtu mzima haiwezi sawasawa. Hakuna aliyemfanyia mtihani. Hakuna mama aliyesema mwanangu hana kipaji cha Kijapani, tumwachishe.

Msomaji wa Kiswahili halihitaji maelezo. Mtoto wa Mombasa anasema "ndia" pale wa Unguja anaposema "njia", na wote wawili wamekwisha kuhitimu kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Neno letu "kipawa" limetoka kwenye kupawa, na sisi tukilisikia tunamfikiria Mungu peke yake kuwa ndiye mpaji. Suzuki hakubishana na Mungu. Alichosema ni kwamba kabla ya kumtaja Mungu tuitazame nyumba kwanza: ndani yake kunasikika nini, nani anakisema, mara ngapi kwa siku.

Hapa ndipo ninapoachana na methali tunayoitoa kila mara watoto wanapotajwa: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri kwa mwenye haraka. Lakini tuwe wakweli, samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Hataki kitu, hanyang'anyi kitu, anapinda kwa sababu mkono una nguvu. Wengi wanaompeleka mtoto wa miaka mitatu kwenye kinanda wanakwenda na akili ya samaki: mwahi kabla hajakauka. Yule wa Matsumoto alikuwa anangojea mtoto aje mwenyewe.

Toshiya Eto alishinda shindano kubwa la kitaifa akiwa bado mtoto, akaenda kusoma Marekani, akawa mpiga fidla wa jukwaani. Katikati ya hayo ikaja vita. Kiwanda cha familia kikageuzwa kuunda vielea vya ndege za majini, Suzuki akaenda Kiso-Fukushima, bondeni, kusimamia mbao za kazi hiyo, na njaa ikamkuta huko. Waltraud, mzaliwa wa Ujerumani, aliishi mbali naye, Hakone. Vita vilipokwisha akamkumbuka mwanafunzi wake mmoja, Koji Toyoda, aliyekuwa amewahi kupanda jukwaani na fidla yake akiwa na miaka mitatu. Wazazi walikuwa wamekufa, mtoto hajulikani alipo. Suzuki akatangaza redioni. Akapatikana kwa jamaa yake, akiwa na miaka kumi na kitu, na fidla ameiacha muda mrefu. Suzuki akamchukua akamlea. Yeye na Waltraud hawakuwa na watoto wao wa kuzaa, jambo ambalo halitajwi sana: kanuni yote ya mzazi na mtoto ilitungwa na mtu asiyekuwa mzazi kwa damu. Koji baadaye alikuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya redio ya Berlin.

Mwaka 1946 watu wa Matsumoto walipomwomba asaidie kuanzisha shule ya muziki, alikubali kwa sharti. Hakutaka kurekebisha wakubwa waliokwisha kuharibiwa mikono. Alitaka wadogo kabisa, na bila kuwachuja. Fikiria mwaka wenyewe. Nchi imeshindwa, miji imeungua, chakula kwa mgao, na mtu anafungua darasa la fidla kwa watoto wa chekechea. Mimi nadhani njaa ilikuwa na sehemu yake. Ulikuwa wakati ambao mzazi hana cha kumrithisha mwanawe, na kaja mtu anasema uwezo haurithiwi, unalelewa.

Darasani mambo yalikwenda hivi. Somo linaanza kwa kuinamiana, mwalimu na mtoto. Somo la kwanza linaweza kuwa hilo tu, kuinama, kusimama vizuri na kushika upinde, dakika chache, kisha nenda ukacheze. Fidla ziko za saizi mpaka moja ya kumi na sita, karibu ya mwanasesere. Wimbo wa kwanza ni mmoja, unaopigwa kwa midundo kadhaa tofauti mpaka mkono uizoee. Nota hazisomwi kwanza. Mtoto anajua kusema kabla ya kujua kusoma, vivyo hivyo na muziki. Wimbo ukishajulikana hauachwi, unarudiwa miaka na miaka, maana hata neno "maji" mtoto haliachi eti kwa sababu kalijua tayari. Na mara kwa mara wanakutana wote, wa miaka minne na wa miaka kumi, wakapiga pamoja ule wimbo wa kwanza.

Aliyepita chuoni pwani ataona hapa mengi anayoyajua. Sura fupi huingia kwa sikio kabla ya jicho kuzisoma, mkubwa humsikiliza mdogo, na ulichohifadhi unakidurusu la sivyo kinakutoka. Tofauti ni bakora, na tofauti kubwa zaidi ni kwamba mzazi hukuacha mlangoni. Kwa Suzuki mzazi anaingia ndani, anaandika alichoambiwa mtoto, na nyumbani ndiye mwalimu siku sita kati ya saba.

Kitabu chenyewe, kama kitabu, kina kasoro zake. Kimeandikwa kwa moyo uliojaa mno, kila hadithi inaishia kwa chozi au mwanga, na kuna kurasa ambazo msomaji wa leo atahisi anahubiriwa. Suzuki anasimulia jinsi alivyofahamiana na Einstein huko Berlin kwa unyenyekevu unaokaribia kuwa majivuno. Mwaka 2014 Mark O'Connor, mpiga fidla wa Marekani mwenye vitabu vyake mwenyewe vya kufundishia, alidai hadharani kwamba mzee alitia chumvi habari za Berlin, na kwamba alianguka mtihani wa kuingia chuo cha muziki cha huko. Wafuasi wakajibu kwamba Suzuki hakuwahi kudai kusoma chuoni; alisema alikuwa mwanafunzi wa Klingler binafsi. Ugomvi ule ulikuwa mkali. Kwangu mimi, kama kweli alianguka mtihani, basi habari yake inazidi kuwa tamu: mtu aliyekataliwa mlangoni akaja kufungua shule isiyo na mlango wa kuchujia.

Dunia ilimjua kwa macho kabla ya kumjua kwa maneno. Mwaka 1955 watoto wapatao 1,200 walipiga pamoja Tokyo. Mwezi wa Aprili 1961 Pablo Casals, aliyekuwa na miaka 84, alikaa kitini jijini Tokyo akawasikiliza watoto mamia kadhaa wakipiga, akalia, akamkumbatia Suzuki. Mwaka 1958 filamu fupi ya mamia ya watoto wakipiga Bach ilikuwa imekwisha kuonyeshwa katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, na walimu wa fidla hawakuamini macho yao. John Kendall alikwenda Japani mwaka 1959 kuona kwa macho yake. Mwaka 1964 watoto kumi wakaletwa Marekani, wakapiga mbele ya mkutano wa walimu wa muziki Philadelphia, na tangu hapo mambo yakawa moto.

Lakini filamu haiwezi kuonyesha miezi ya mama kupiga fidla ndogo sebuleni. Inaonyesha matokeo. Marekani waliokwenda kujifunza kwa makini walileta na mama pia, tuwape haki yao. Ila kadiri jina lilivyoenea, ndivyo kilichokuwa kigumu kilivyopungua: kwingine mama akawa mtu wa kukaa pembeni na daftari, kwingine akawa dereva. Na si uvivu. Mpango wa Matsumoto ulisimama juu ya mwanamke aliyeko nyumbani mchana, mume yuko kazini na mshahara unaingia, hali ambayo Japani ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa inaijenga kwa kasi. Suzuki aliandika sana juu ya upendo wa mama. Juu ya saa zake, nani anazilipa, aliandika kidogo sana.

East Harlem, New York, jambo hili lilionekana wazi. Roberta Guaspari alianza kufundisha huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa na fidla 50 alizonunua mwenyewe, akafuata njia ya Suzuki kadiri alivyoweza. Lakini mama wa East Harlem hana mchana wa bure. Basi sehemu ya mama ikachukuliwa na shule, na shule ni bajeti. Mwaka 1991 bajeti ikakatwa. Ilibidi wazazi, walimu na wanamuziki wakubwa wachangishe fedha, na mwaka 1993 wakapanda jukwaa la Carnegie Hall ili masomo yasife. Kutoka hapo ikatoka filamu ya Meryl Streep mwaka 1999, na filamu kama kawaida yake ikapenda jukwaa kuliko bajeti.

Sasa tuje kwetu. Nairobi na Dar es Salaam matangazo ya masomo ya muziki kwa watoto wa miaka mitatu si kitu cha ajabu tena, na fidla si ngeni: taarab imeibeba tangu enzi za babu zetu, na Ikhwani Safaa ya Unguja ni ya mwaka 1905. Mzazi wa mjini anatoka nyumbani alfajiri kuwahi foleni, anarudi usiku. Jumamosi anampeleka mtoto darasani, anakaa kwenye gari na simu yake nusu saa, anamrudisha. Ada amelipa. Mazoezi yatafanyika na nani?

Na dada. Katika nyumba zetu nyingi, kwa lugha ya Suzuki, mama ni dada wa kazi. Yeye ndiye aliye na mtoto kuanzia uji wa asubuhi mpaka jioni. Redio ni yake, nyimbo za kwaya anazoimba akifua ndizo mtoto anazosinzia nazo, na lafudhi ya mtoto, kama hukuwahi kuangalia, mara nyingi ni yake. Kama Suzuki alisema kweli kuhusu lugha, basi mwanafunzi wa kwanza wa darasa lile la Jumamosi alipaswa kuwa binti wa miaka 19 aliyebaki nyumbani anaosha vyombo. Sijaona tangazo linalomtaja. Kumpeleka kungemaanisha kumlipia ada, kumpa saa ya mazoezi ndani ya siku yake ya kazi, na kukiri kwamba ndiye anayelea. Hilo la tatu ndilo ghali.

Ni rahisi zaidi kununua kitu. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha matokeo mafupi ya jaribio la wanafunzi 36 wa chuo kikuu, huko California, waliosikiliza kipande cha Mozart kwa dakika kumi kisha wakafanya vizuri kidogo katika maswali ya kufikiria maumbo. Athari yenyewe ilipotea baada ya kama robo saa. Hapakuwa na mtoto hata mmoja katika jaribio lile. Magazeti yakaandika, wauzaji wakasikia, na baada ya miaka michache watoto wachanga walikuwa wanawekewa Mozart kitandani ili wawe na akili ya hesabu. Januari 1998 Zell Miller, gavana wa jimbo la Georgia, aliomba baraza lake la kutunga sheria dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo, aende nayo nyumbani.

Tarehe 26 ya mwezi huohuo Shinichi Suzuki alifariki Matsumoto, akiwa na miaka 99.